Mgeni Njoo, Mwenyeji Aliwe: Anwani, Kauli ya Kutendea na Kosa la Ufasiri katika "To Serve Man"

Ikisiri

Makala haya yanahakiki "To Serve Man", sehemu ya tamthilia ya televisheni ya Marekani The Twilight Zone iliyorushwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Machi 1962. Lawama inayotolewa mara kwa mara dhidi ya sehemu hii ni kwamba fumbo lake linategemea utata wa neno la Kiingereza, ilhali kitabu kinachofasiriwa kimeandikwa kwa lugha ya sayari nyingine. Makala yanadai kwamba lawama hiyo inaelekezwa pasipostahili. Utata haumo katika matini chanzi. Unazaliwa katika lugha lengwa, na kinachouficha ni haja ya wapokeaji. Hoja hii inajaribiwa kwa kuifasiri anwani kwa Kiswahili, ambapo kauli ya kutendea inamlazimisha mfasiri kuamua ni nani anayenufaika na tendo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza tafsiri ya anwani na kuonesha kwamba Kiswahili nacho kina mahali pake pa kufichia hatari.

1.0 Utangulizi

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali ambayo msemaji wa Kiswahili huikuta mlangoni. Anayeitamka hamuulizi mgeni amekuja kutaka nini. Ujio wenyewe ndio dawa. "To Serve Man" ni masimulizi ya dakika zipatazo 25 yanayoichukua imani hiyo kwa uzito wake wote, yakaithibitisha hatua kwa hatua, kisha yakaigeuza. Wageni wanakuja, wenyeji wanapona njaa na vita, na wakishapona wanaliwa.

Sehemu hii iliandikwa na Rod Serling, mwasisi wa The Twilight Zone (1959–1964), kutokana na hadithi fupi ya Damon Knight yenye anwani hiyohiyo iliyochapishwa mwaka 1950. Mwongozaji ni Richard L. Bare. Kwa mtazamaji wa kawaida, hiki ni kisa cha kutisha chenye mwisho wa kushtua. Kwa mwanaisimu ni zaidi ya hapo, kwani ni miongoni mwa kazi chache za televisheni ambazo mhimili wake mzima ni tendo la kufasiri. Kinachowaangamiza wanadamu ni anwani ya kitabu iliyofasiriwa, ikatangazwa na kuaminiwa kabla ya kitabu chenyewe kusomwa.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: mfasiri alikosea wapi? Jibu la haraka ni kwamba alikosea neno. Tutaonesha kwamba neno lilikuwa sahihi, na kwamba usahihi huo ndio uliokuwa mtego.

2.0 Muhtasari wa Sehemu

Tunamkuta Michael Chambers (Lloyd Bochner) katika chumba kidogo ndani ya chombo cha angani. Sauti inamhimiza ale. Yeye anauliza ni saa ngapi duniani. Kuanzia hapo anatusimulia yaliyopita.

Viumbe waitwao Wakanamit wametua duniani. Mmoja wao, jitu lenye kichwa kikubwa linaloigizwa na Richard Kiel, anauhutubia Umoja wa Mataifa. Midomo yake haisogei. Sauti tunayoisikia ni ya mwigizaji mwingine, Joseph Ruskin. Anaahidi nishati ya bei ndogo, ardhi itakayozaa hata palipokuwa jangwa, na kinga itakayozuia taifa moja kulishambulia jingine. Anapoondoka anaacha kitabu. Jeshi la Marekani linampa Chambers, mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, kazi ya kukisoma. Msaidizi wake, Pat (Susan Cummings), anafanikiwa kuifumbua anwani tu: To Serve Man. Chumba kizima kinapumua. Kitabu kumbe kinahusu kumhudumia mwanadamu.

Mkanamit anakubali kuhojiwa huku akipimwa kwa mashine ya kutambua uwongo, na mashine haimkamati. Ahadi zote zinatimizwa. Majeshi yanakosa kazi, na Chambers pia. Watu wanapanga foleni kwenda kuitembelea sayari ya wafadhili wao; kila msafiri anapimwa uzito kabla ya kupanda chomboni. Chambers yumo ngazini pale Pat, ambaye hakuwahi kukiweka kitabu chini, anapokuja mbio akimpigia kelele asipande: kitabu kile ni cha mapishi. Anasukumwa ndani. Mwishoni anakubali kula, kisha anatugeukia sisi watazamaji na kutukumbusha kwamba iwapo tungali duniani au tumo naye chomboni hakuna tofauti kubwa.

3.0 Je, Utata wa Neno Unaweza Kuvuka Sayari?

Kitenzi cha Kiingereza serve kina maana mbili zinazotuhusu. Kwanza ni kumhudumia mtu au kumtumikia. Pili ni kukiandaa na kukipakua chakula mezani. Kisa kizima kimening'inia katika uzi huo. Hapo ndipo wakosoaji wanaposhika: inakuwaje lugha ya viumbe ambao hawajawahi kukutana na Waingereza iwe na kitenzi chenye maana hizo mbili?

Swali hili linadhani kwamba utata umo katika kitabu cha Wakanamit. Hakuna tukio lolote katika sehemu hii linalotulazimisha kudhani hivyo. Tuchukulie kwamba anwani ya Kikanamit haina utata wowote, na kwamba kwa msomaji wa Kikanamit ni wazi kama anwani ya kitabu chochote cha upishi kilichopo katika duka la vitabu. Pat anaona kitenzi, anatafuta kisawe chake cha Kiingereza, anapata serve. Amepatia. Kisawe hicho kinalingana na kitenzi chanzi katika maana moja, lakini kinabeba na maana nyingine ambayo matini chanzi haikuwa nayo. Utata umezaliwa siku ile tafsiri ilipokamilika, na umezaliwa upande wa lugha lengwa. Waliousikia walikuwa na njia mbili za kuuelewa, wakachagua ile waliyoitamani.

Kwa hiyo kosa la kwanza halikuwa la kimsamiati. Lilikuwa kosa la kutoutambua utanzu wa matini. Neno moja haliwezi kutuambia kama tunasoma katiba, risala au maelekezo ya upishi. Utanzu ndio unaotuambia neno lisomwe vipi. Katika historia ya ufumbuzi wa maandishi ya kale, wataalamu hawakuanza na anwani. Champollion alipotangaza matokeo yake mwaka 1822 alikuwa na jiwe la Rosetta lenye matini moja kwa maandishi matatu. Ventris, aliyeyafumbua maandishi ya Linear B mwaka 1952, hakuwa na jiwe kama hilo, lakini alikuwa na vibao vingi vya kulinganisha, na yaliyomo yalitambulika kuwa ni orodha za mali. Muktadha ulitangulia maana. Kwa Chambers na wenzake, maana imetangulia muktadha.

Hapa Serling anastahili lawama ambayo wakosoaji hawaitoi. Haoneshi namna Pat alivyoipata anwani, na anamkabidhi mtaalamu wa maandishi ya siri kazi ya mwanaisimu, kana kwamba lugha ngeni ni Kiingereza kilichofichwa nyuma ya alama. Fikra hiyo haikuwa yake peke yake. Warren Weaver, katika waraka wake wa mwaka 1949 kuhusu tafsiri ya mashine, aliizungumzia matini ya Kirusi kwa namna hiyohiyo, na jaribio la Georgetown na IBM la mwaka 1954, lililofasiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi, lilizidisha matumaini. Sehemu hii ni zao la kipindi hicho. Lakini hata kwa kigezo cha kipindi chake ina pengo la kushangaza: Mkanamit anazungumza Kiingereza fasaha, na hakuna anayemuuliza kitabu chake kinahusu nini. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kwenda uwandani anajua kwamba ukiwa na mzawa wa lugha mbele yako, huanzi kwa kupekua maandishi gizani.

4.0 Kiswahili Kingeuliza: Kwa Ajili ya Nani?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wa uzamili katika kozi ya tafsiri anwani hii waifasiri kabla hawajaitazama sehemu yenyewe. Jibu la kawaida ni "Kumhudumia Mwanadamu" au "Kumtumikia Mwanadamu". Wakishaitazama hurudi na malalamiko kwamba Kiswahili kimewanyima fumbo. Malalamiko hayo ni ya kweli, na sababu yake inafundisha.

Katika maana mbili za serve kuna nafasi mbili tofauti za mwanadamu. Katika maana ya kwanza ni mnufaika, yaani yambwa tendewa. Katika ya pili ni kitu kinachotendwa, yaani yambwa tendwa. Kiingereza kinaziweka nafasi zote mbili mahali pamoja baada ya kitenzi, bila alama. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hutenganisha nafasi hizo kwa kiambishi cha kauli ya kutendea:

(1) a. kumpika mwanadamu
      b. kumpikia mwanadamu
(2) a. kumpakua mwanadamu
      b. kumpakulia mwanadamu
(3) a. kumtumia mwanadamu
      b. kumtumikia mwanadamu

Katika (1) na (2), umbali kati ya mgeni wa heshima na kitoweo ni mofimu moja. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuiacha nafasi hiyo wazi kwa matumaini kwamba msomaji ataijaza vizuri. Sarufi inamdai aamue. Jakobson (1959) alitukumbusha kwamba lugha hutofautiana katika yale zinayolazimika kuyasema, wala si katika yale zinayoweza kuyasema. Kama Pat angekuwa anafasiri kwa Kiswahili, angelazimika kusimama na kukiri: "Sijui kama hapa pana kutendea au hapana." Kukiri huko kungetosha kuiokoa dunia.

Inaweza kudhaniwa kwamba kiambishi cha yambwa -m- nacho kingemkinga mwanadamu kwa kuwa kinamtambulisha kama kiumbe hai wa ngeli ya kwanza. La hasha. Msomaji afungue maelekezo yoyote ya upishi wa Kiswahili: muoshe kuku, mkatekate, mtie chumvi. Kuku anabaki na upatanisho wa viumbe hai hadi ndani ya sufuria. Upatanisho wa kisarufi hautoi hifadhi. Kinachohifadhi ni kauli.

Mfano wa (3) una uzito wa pekee. Kutumia na kutumikia yanatokana na mzizi mmoja, -tum-. Wakanamit wanajitangaza kuwa watumishi huku wakiwa watumiaji. Isitoshe, kumtumia mtu kuna maana mbili: kumpelekea kitu na kumfanya chombo cha kutimizia haja. Wageni hawa wanamtumia mwanadamu zawadi ili baadaye wamtumie. Hata hivyo, sipendekezi "Kumtumia Mwanadamu" kuwa tafsiri, kwa sababu haina harufu ya jikoni, na kwa sababu maana yake ya upelekaji inabaki na pengo: kumtumia nini?

Tafsiri ninayoipendekeza ni "Kumwandaa Mwanadamu". Kitenzi -andaa ni cha mezani na jikoni: huandaliwa chakula, huandaliwa karamu. Ni cha shuleni na majukwaani pia: mtoto huandaliwa kwa maisha yake ya baadaye, vijana huandaliwa kushika uongozi, bibi harusi huandaliwa. Msomaji akikutana na anwani hiyo katika jalada la ripoti ya mradi hatashtuka hata kidogo. Pengine ataomba nakala. Fumbo limerudi.

Limerudi, lakini limebadilika. Katika Kiingereza utata ulikuwa juu ya nani ananufaika. Katika "Kumwandaa Mwanadamu", mwanadamu ni yambwa tendwa katika usomaji wote wawili. Anayeandaliwa kwa uongozi na anayeandaliwa kwa chakula cha jioni wote wanatendwa na mwingine. Kinachotofautisha ni lengo la muandaaji, ambalo kitenzi hakilitaji. Kwa hiyo Kiswahili hakina haki ya kujigamba. Kinaufunga mlango mmoja wa udanganyifu na kuuacha mwingine wazi. Mahali ambapo Kiingereza kinatutaka tuulize "kwa faida ya nani?", Kiswahili kinatutaka tuulize "kwa lengo gani?".

5.0 Ukweli Usiotosha

Jambo linaloipa sehemu hii nguvu ni kwamba Wakanamit hawasemi uwongo. Mashine ya kutambua uwongo inamwacha mjumbe wao kwa sababu hakuna cha kukamata. Waliahidi kuondoa njaa, wakaiondoa. Waliahidi amani, ikaja. Mfugaji naye angeyasema hayo mbele ya zizi lake, kwa moyo mkunjufu, na mashine ingemwamini. Tukitumia istilahi za Grice, mjumbe anaitii kaida ya ukweli na kuivunja kaida ya kiasi: anasema kweli tupu, lakini anaacha kusema kile ambacho msikilizaji anakihitaji kuliko vyote. Mashine hupima sentensi, haipimi kilichonyamaziwa.

Hata kitabu hakikufichwa. Kiliachwa mbele ya macho ya mataifa yote. Katika usomaji wangu, kuachwa huko ndiyo dhihaka kubwa zaidi ya Serling: mwenye nguvu hahitaji kuficha waraka ikiwa anajua kwamba mpokeaji ataishia kwenye jalada.

Wakati sehemu hii iliporushwa, haukuwa umepita muda mrefu tangu Umoja wa Mataifa kuutangaza mwongo wa 1960 kuwa Mwongo wa Maendeleo, Desemba 1961. Tanganyika ilijiunga na Umoja huo tarehe 14 mwezi huohuo, chini ya miezi mitatu kabla ya Mkanamit kuonekana akiuhutubia katika televisheni za Marekani. Sidai kwamba Serling alikuwa na Tanganyika akilini. Ninachodai ni kwamba rejista anayomvika mgeni wake, ya nishati nafuu, ardhi yenye rutuba na mwisho wa njaa, ndiyo rejista ambayo mataifa machanga yaliisikia kwa mfululizo katika mwongo huo, na kwamba mtazamaji wa Afrika ana sababu ya kuisikia kwa sikio tofauti na la mtazamaji wa New York.

Sikio hilo limefunzwa na historia. Mwaka 1889 Menelik II na Italia walitia saini Mkataba wa Wuchale kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba Ethiopia ingeweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilichukuliwa kuwa kinailazimisha. Tofauti ya kuweza na kulazimika ilichangia vita iliyoishia Adwa mwaka 1896. Menelik aliusoma waraka hadi ndani, akaukana. Kwetu, jina la Mangungo wa Msovero, aliyeweka alama katika hati ya Karl Peters mwaka 1884, limegeuzwa kuwa tusi kwa kila anayesaini asichokielewa. "To Serve Man" inatufanya tuwe wapole zaidi kwa Mangungo. Chambers ana shahada, ofisi, wasaidizi na jeshi nyuma yake, naye amepanda ngazi kwa hiari yake.

6.0 Anayeendelea Kusoma

Uhakiki wa sehemu hii mara nyingi unaishia kwa Wakanamit na kumsahau Pat. Yeye ndiye anayefumbua anwani, na ndiye anayefumbua kitabu. Katikati ya matendo hayo mawili kuna kipindi ambacho Chambers, mkuu wake, ameacha kazi hiyo kwa kuwa dunia imekuwa njema na haioni tena haja ya wasomaji. Pat anaendelea bila kuagizwa. Serling hampi hotuba wala sifa. Anampa sentensi moja ya kupiga kelele akiwa ameshachelewa.

Naiona hapa kasoro ya kisanaa na pia ukweli mchungu. Kasoro ni kwamba mhusika aliyefanya kazi yote ya kiakili anabaki pembezoni mwa masimulizi ya mwanamume aliyeiacha. Ukweli ni kwamba ndivyo kazi ya ufasiri inavyochukuliwa. Tafsiri ya haraka ya anwani ilipokelewa kwa shangwe kwa sababu iliwapa wakubwa walichokitaka. Tafsiri ya polepole ya matini nzima haikuwa na mteja.

7.0 Hitimisho

Tulianza na swali la wapi mfasiri alikosea. Pat hakukosea neno. Kosa lilifanywa na taasisi iliyoichukua sehemu ndogo ya matini kuwa ni matini nzima, ikachagua maana kwa kipimo cha matamanio, kisha ikamwondoa msomaji kazini. Utata wa serve ulikuwa tundu tu. Walioingia ndani yake walijiingiza wenyewe.

Kwa walimu wa isimu na tafsiri, sehemu hii inafaa kutumiwa darasani, hasa pale wanafunzi wanapoiona kauli ya kutendea kama jedwali la kukariri kwa ajili ya mtihani. Kisa chote kinaweza kusimuliwa kwa mnyambuliko wa kitenzi kimoja kifupi kuliko vyote: wageni walimlisha mwanadamu, ili wamle, naye akaliwa. Ni sarufi ileile inayoamua kama kifungu cha mkataba, kipeperushi cha dawa au fomu ya ridhaa ya mgonjwa kinamtendea msomaji au kinamtenda. Mwanafunzi atakayetoka darasani akiwa na mazoea ya kuuliza "kwa ajili ya nani, na kwa lengo gani?" kabla ya kuandika kisawe chake cha kwanza atakuwa amejifunza alichokikosa Chambers.

Methali yetu ibaki. Mgeni na aje, na mwenyeji apone. Lakini mgeni akiacha kitabu mezani, kisomwe chote kabla ya kupanda ngazi.